Dodoso Lilivyofika Bariadi

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi hukikumbuka kwa jembe, bustani na mifugo ya shule. Ndani yake, hata hivyo, mna shutuma ambayo haikuzungumzwa sana wakati ule wala baadaye. Mwalimu alieleza kwamba shule tulizorithi kwa mkoloni humzoesha mtoto kudhani kuwa maarifa yenye thamani hutoka vitabuni au kwa wasomi peke yao, na kwamba ujuzi wa wazee wake ni wa kudharauliwa. Hapo hakugusa hesabu zilizomshinda mtoto wala herufi asizozijua. Aligusa kile mtoto anachoamini kuhusu kujua kwenyewe: maarifa hutoka wapi, nani anayo, nani hastahili kuitwa mjuzi.

Siku hizi jambo hilo ni tawi zima la saikolojia ya elimu. Lina majarida, lina mikutano na, zaidi ya yote, lina madodoso: karatasi yenye sentensi kadhaa ambazo mwanafunzi huzisoma na kuweka alama ya vema penye nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali au sikubali kabisa. Historia ya madodoso hayo husimuliwa kuanzia Marekani. Mimi naianzia hapa, kwa sababu swali lenyewe tulikuwa nalo kabla ya dodoso kutufikia, na kwa sababu Simiyu ni mahali panapoonyesha wazi jinsi swali zuri linavyoweza kupotea njiani.

Mwaka ule wa 1967 hapakuwa na mkoa wa Simiyu. Ulikuja kumegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ukachukua Bariadi, Maswa, Meatu na Itilima, pamoja na Busega iliyotoka upande wa Mwanza. Lakini nchi yenyewe ilikuwa ileile ya pamba, mahindi na ng'ombe, na watu wake walikuwa na elimu yao. Mkulima wa Ntuzu, upande wa Bariadi, alijua udongo kwa majina: luseni wa kichanga kule juu, itogolo mgumu mteremkoni, ibushi wenye chokaa, na mbuga nyeusi bondeni. Alijua pamba huenda wapi na mtama huenda wapi. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, alieleza kisayansi jinsi aina za udongo zinavyofuatana kutoka kilimani hadi bondeni, na watafiti wa pamba wa Ukiriguru waliofuata wakaendelea kutumia majina ya Kisukuma, maana hawakuwa na mengine yaliyofaa zaidi.

Mfano mwingine ni ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili nyasi zikue, kisha kufunguliwa kiangazi kikikaza. Wataalamu wa misitu walikuwa wameupuuza utaratibu huo kwa muda mrefu. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ili kuirudishia miti nchi iliyokuwa inageuka jangwa, njia iliyofanikiwa kuliko upandaji wa miche ikawa ngitili ya wazee. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti na majani katika mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ambao ulizijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu.

Basi fikiria mtoto wa nchi hii aliyeketi darasani mwaka 1967. Nyumbani kuna mjomba anayejua udongo kwa kuushika. Shuleni kuna ubao, chaki na mwalimu. Mtoto huyo aliamini maarifa yako wapi? Nyerere alidhani analijua jibu, kwa kuwa yeye mwenyewe alipitia shule hizo, kisha akafundisha St. Mary's Tabora na baadaye Pugu. Kauli yake ilikuwa ya mwalimu aliyeona kwa macho. Hakuna aliyempima mtoto.

Si kwamba upimaji haukuwapo. Mapema miaka ya 1930 R. A. C. Oliver, mwanasaikolojia aliyefadhiliwa na shirika la Carnegie, alitengeneza Kenya mtihani wa akili kwa ajili ya Waafrika na kulinganisha alama za wanafunzi weusi na weupe. Mitihani ya aina hiyo ilichukulia kwamba akili ni kitu kimoja, kwamba haraka ni dalili yake, na kwamba mtoto aliyeketi mbele ya karatasi anajua kwa nini mgeni anamuuliza jambo ambalo mgeni huyo tayari ana jibu lake. Yote matatu ni imani kuhusu maarifa. Zilikuwa imani za mpimaji, na hazikuwekwa kwenye mizani.

Kifaa kingine kilikuwa kinaundwa New York wakati huohuo. Mwaka 1928 L. L. Thurstone alikuwa ametangaza kwamba misimamo ya watu inaweza kupimwa, lakini njia yake ilikuwa ndefu na ilihitaji jopo la waamuzi. Mwaka 1932 Rensis Likert akaifupisha: mpe mtu sentensi, mpe ngazi tano za kukubali na kukataa, jumlisha. Kipimo cha Likert kikaenea dunia nzima kwa sababu ni rahisi, na urahisi huo ndio unaokifanya kiwe mfukoni mwa kila mwanafunzi wa shahada anayeteremka stendi ya Bariadi akiwa na kibali cha utafiti.

Sasa twende Harvard, maana bila Harvard kisa hiki hakieleweki. William Perry alikuwa mkuu wa ofisi ya kuwashauri wanafunzi katika masomo yao. Alikuwa akiona vijana wenye uwezo uleule wakiitikia mhadhara mmoja kwa namna tofauti kabisa. Mwalimu akieleza nadharia tatu zinazopingana, kijana mmoja hufurahi, mwingine hukasirika na kuuliza ipi ndiyo ya kweli, wa tatu huamini kwamba mwalimu analijua jibu ila analificha ili wanafunzi wajitafutie. Mwaka 1954 Perry na wenzake waliwapa dodoso wanafunzi 313 wa mwaka wa kwanza. Walikuwa wameathiriwa na utafiti mkubwa wa Theodor Adorno na wenzake, uliochapishwa mwaka 1950, kuhusu watu wenye hulka ya kunyenyekea mabavu. Perry alidhani wanafunzi nao wamegawanyika kwa hulka: wapo wanaozaliwa wakitaka jibu moja kutoka kwa mkubwa, wapo wanaoweza kuishi na majibu mengi.

Kutoka miongoni mwao, 31 walikubali kuhojiwa mwisho wa kila mwaka wa masomo. Perry hakuwapa sentensi za kukubali na kukataa. Aliwaomba waseme lolote lililowagusa katika mwaka uliopita, akanyamaza, akasikiliza. Kilichotoka kikaibomoa dhana yake. Kijana aliyeingia akitaka jibu moja alikuja mwaka wa pili akisema kila mtu ana maoni yake, na mwaka wa nne akisema kwamba maoni hayako sawa, yanapimwa kwa ushahidi, na mtu hana budi kuchagua lake na kulisimamia. Haikuwa hulka. Ilikuwa safari, na wengi walipita njia ileile. Kitabu chake cha 1970 kiliigawa safari hiyo katika vituo tisa.

Nalikazia jambo hili kwa sababu wengi wanaomtaja Perry katika sura ya pili ya tasnifu zao hulipita. Mwanzilishi wa fani hii alianza na dodoso, kisha akageukia mazungumzo. Dodoso lilimwonyesha mwanafunzi amesimama wapi siku ile. Mazungumzo yalimwonyesha anatoka wapi na anaelekea wapi.

Perry alikuwa na kasoro yake: karibu wote aliowahoji walikuwa wanaume wa chuo kimoja cha matajiri. Mwaka 1986 Mary Belenky, Blythe Clinchy, Nancy Goldberger na Jill Tarule walichapisha matokeo ya mahojiano na wanawake 135, wengine wa vyuoni, wengine waliokuwa wakihudumiwa na mashirika ya kusaidia familia. Kituo cha kwanza walichokikuta hakimo kwa Perry: ukimya. Walikuwapo wanawake waliojiona hawana la kusema, wala hawana akili ya kulisemea, na waliishi kwa kuambiwa. Nikisoma matokeo hayo huwawazia mabinti wa darasa la sita wa Meatu au Itilima. Binti wa namna hiyo akipewa dodoso ataweka alama wapi? Nadhani ataweka penye sina hakika, na kompyuta itamhesabu kuwa mtu mwenye msimamo wa kati.

Wakati Perry anasomwa Marekani, Tanzania ilikuwa imechukua njia yake. Ilijitoa katika mitihani ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Taifa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji wa ziwani ulio mkoa wa jirani kutoka Bariadi, ikatoa Azimio la Musoma. Watu wanalijua kwa elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na kwa sharti la vijana kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Sehemu inayotuhusu ni nyingine. Azimio lilisema mtihani wa mwisho umepewa uzito kupita kiasi, kwamba mwanafunzi apimwe mwaka mzima, na kwamba tabia yake na moyo wake wa kazi vihesabiwe pia.

Kutokana na hayo zikaja fomu za tabia na mwenendo. Waliosoma sekondari Tanzania wanazijua: bidii ya kazi, ubora wa kazi, utunzaji wa kazi, ushirikiano, heshima, uwezo wa uongozi, usafi, uaminifu. Mwalimu alijaza herufi mbele ya kila kipengele. Mpaka leo ripoti inayopelekwa kwa mzazi ina sehemu hiyo, na wazazi wengi huitazama kabla ya alama za hisabati.

Lilikuwa jaribio la ujasiri. Nchi maskini, isiyo na maabara ya saikolojia, iliamua kupima kwa taifa zima kitu ambacho wenzetu walikuwa wanakijaribu kwa vijana wachache. Lakini tazama kilichotokea kwa swali la Nyerere. Yeye aliuliza mtoto anaaminije kuhusu maarifa. Fomu iliuliza mtoto anatii na kufanya kazi namna gani. Na aliyejibu alikuwa mwalimu. Mwanafunzi aliyeamini moyoni kwamba mjomba wake anajua udongo kuliko kitabu, na yule aliyeamini kwamba mjomba ni mshamba, wangeweza kupata A ileile ya heshima na B ileile ya bidii. Nionavyo mimi hapo ndipo tulipolipoteza swali letu. Tulikuwa na nia, tulikuwa na fomu, tukamwacha nje mtu mmoja tu, mwanafunzi.

Majirani zetu nao walikuwa wanapimwa, na yaliyopatikana kwao yangetusaidia sana. Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mallory Wober aliwapa Waganda na Watoro jozi za maneno yanayopingana, akawataka waseme mtu mwenye akili yuko upande upi: wa haraka au wa taratibu, wa ugumu au wa ulaini. Wanavijiji wa Kiganda waliiweka akili upande wa taratibu na uangalifu. Walimu na watu waliosoma zaidi waliivuta kuelekea upande wa haraka. Watoro, majirani wa Waganda kabisa, waliiona kuwa laini na yenye kutii, ilhali Waganda waliiona kuwa ngumu na yenye kushikilia. Huko Kokwet, Kenya, Charles Super na Sara Harkness waliwakuta wazazi wa Kikipsigis wakimwita mwenye akili mtoto anayeona kazi ya nyumbani na kuifanya bila kutumwa, na wakaitenga sifa hiyo na wepesi wa darasani.

Wober alikuwa amegusa, bila kukusudia, kitu kitakachokuwa kiini cha madodoso yote yaliyofuata. Shule haimwongezei mtu maarifa tu. Humbadilishia pia picha ya mjuzi. Mwanakijiji asiyesoma alimsubiri mjuzi afikiri. Aliyesoma alimtaka anyooshe mkono kwanza.

Baadaye, katika kijiji cha Usenge kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, Robert Sternberg na timu iliyokuwa na Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 katika ujuzi wa dawa za miti, zile ambazo watoto wa Kijaluo hujitibu nazo minyoo na maumivu ya tumbo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Watoto waliojua dawa vizuri zaidi walielekea kupata alama ndogo zaidi katika msamiati wa Kiingereza. Maelezo ya watafiti yanaingia akilini: familia huchagua wapi pa kuwekeza, na mtoto anayetegemewa kubaki nyumbani hufundishwa ya nyumbani. Mwaka uliofuata Sternberg na wenzake walitoa matokeo ya karibu na Bagamoyo, ambako watoto 358 walipewa mitihani ya kufikiri, wakafundishwa mbinu kwa muda usiofika saa moja, wakapimwa tena. Alama zilipanda, na mpangilio wa nani wa kwanza nani wa mwisho ukavurugika. Mtihani wa kwanza ulikuwa umeficha uwezo wa wengi. Ningependa kila afisa elimu wa mkoa aijue habari hiyo ya Bagamoyo, maana imani kwamba mtoto fulani ni mzito wa kuzaliwa bado inazungumzwa ofisini kama jambo la kawaida.

Marekani nako fani ilipata sura mpya mwaka 1990, pale Marlene Schommer alipochapisha dodoso la sentensi 63. Alisema imani kuhusu maarifa haziendi pamoja kama ngazi za Perry. Ziko kadhaa, na kila moja inaweza kukua kwa mwendo wake. Mtu anaweza kuamini kwamba ukweli haubadiliki na bado akaamini kwamba kujifunza kunahitaji muda. Aliwajaribu wanafunzi 266 wa vyuo, akatumia hesabu inayotafuta ni sentensi zipi hujibiwa kwa kufuatana, na yakatokea mafungu manne: kwamba uwezo wa kujifunza ni wa kuzaliwa, kwamba kujifunza hutokea haraka au hakutokei kabisa, kwamba maarifa ni vipande vya habari vilivyotengana, na kwamba maarifa hayabadiliki. Alitarajia fungu la tano, la imani kwamba maarifa hutoka kwa mkubwa ajuaye yote. Hilo halikusimama.

Kazi yake ilikuwa na manufaa ya kweli. Wanafunzi walioamini kwamba kujifunza ni kwa haraka walisoma makala, wakaandika hitimisho jepesi mno, wakafanya vibaya katika maswali, na juu ya hayo wakadhani wameelewa. Miaka mitatu baadaye aliwatazama wanafunzi wa sekondari, akakuta imani hiyohiyo inakwenda pamoja na alama za chini. Mwalimu akaweza kuona kwamba imani iliyofichika kichwani inagusa matokeo ya mtihani.

Dodoso likasafiri. Hong Kong, Kwok-wai Chan na Robert Elliott walilijaribu kwa wanafunzi wa ualimu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mafungu hayakutoka yaleyale. Fungu la mkubwa ajuaye, lililopotea Marekani, lilijitokeza wazi. Fungu la kujifunza kwa haraka lilitoweka, na mahali pake likaja fungu la juhudi. Watu waliokulia katika heshima ya mwalimu na imani ya bidii walizipanga sentensi zilezile upya. Mwaka 2015 mtihani wa kimataifa wa PISA uliwauliza wanafunzi wa miaka 15 katika nchi na maeneo 72 kuhusu imani zao juu ya maarifa ya sayansi. Tanzania haikuwamo.

Simiyu, kwa wakati huo, ilikuwa inapimwa kwa njia nyingine. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa mwaka 2001, madarasa yakafurika, na Januari 2016 elimu bila malipo ikayajaza zaidi. Swali la nchi likawa moja: watoto wanajua kusoma? Mpango wa upimaji uitwao Uwezo, uliofanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda, ulitoa matokeo yake ya kwanza ya Tanzania kwa utafiti wa 2010, ukaonyesha kwamba ni watoto 3 kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kisha ukaja EQUIP-Tanzania, mradi uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 hadi 2020, na Simiyu ikawa miongoni mwa mikoa yake. Tathmini ya mradi huo ilifanyika 2014, 2016 na 2018 katika shule 200, nusu zenye mradi na nusu zisizo na mradi. Watoto walipimwa kusoma na kuhesabu, walimu wakapimwa, walimu wakuu wakahojiwa, wazazi nao wakaulizwa hali za nyumba zao.

Mradi huo uliona jambo ambalo walimu wa Bariadi walilijua siku zote: watoto wengi huanza darasa la kwanza wakizungumza Kisukuma, hawana Kiswahili. Ndipo ukaanzishwa mpango wa utayari wa shule, wiki chache za michezo, hadithi na nyimbo zinazoongozwa na mtu wa kijijini, ili mtoto aingie shuleni akiwa na ulimi wa shule. Kati ya yote yaliyofanywa na mradi, hilo naliona la maana kuliko mengine.

Na zikaja kambi za kitaaluma. Anthony Mtaka, mkuu wa mkoa kuanzia 2016 hadi 2021, aliufanya mkoa mpya ujulikane kwa viwanda vidogo kama kile cha chaki cha vijana wa Maswa, kwa maonyesho ya Nane Nane pale Nyakabindi, na kwa kambi ambako wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa na kufundishwa na walimu hodari wa kila somo. Simiyu ikapanda katika mitihani ya taifa. Ujumbe wa kambi ulikuwa kwamba mtoto wa Itilima anaweza akifundishwa, na huo ni ujumbe unaopinga moja kwa moja imani ya akili za kuzaliwa. Lakini kambi inaweza kumfundisha mtoto jambo la pili kimyakimya: kwamba maarifa ni rundo la majibu ya mtihani, na bingwa analo lote. Lipi lilishika zaidi katika vichwa vya vijana wale? Hilo lilikuwa swali la dodoso hasa, au la mazungumzo ya Perry, na wakati wa kuliuliza ulikuwa wakati ule.

Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaofika mkoani na madodoso ya imani, motisha na mitazamo hutumia kwa kawaida vifaa vya Marekani. Karatasi hupita kwa katibu tawala, kwa afisa elimu, kwa mkuu wa shule, na mwisho mwalimu wa darasa huingia nayo na kuamuru ijazwe. Kidato cha pili wanaisoma kwa Kiingereza, lugha yao ya tatu. Wanaketi watatu kwenye dawati moja. Mtu mzima amesimama mbele, ameamkiwa shikamoo, na sentensi zilizochapwa ni zake. Kumwambia mtu huyo sikubali kabisa si adabu waliyolelewa nayo. Hivyo alama nyingi huangukia penye nakubali. Watunzi wa madodoso waliliona tatizo hilo zamani, wakatia sentensi za kinyume ili kumnasa anayekubali kila kitu. Zikitafsiriwa Kiswahili bila uangalifu, mtoto hutakiwa akatae kwamba kujifunza hakuhitaji juhudi, na mtu mzima mwenyewe hujikwaa katika kukana mara mbili. Tena hesabu za Uwezo zimetuambia ni wangapi hawawezi kuisoma sentensi yenyewe. Kinachorudi chuoni kwenye bahasha ni vipimo vya heshima, vya Kiingereza na vya kusoma, vikiitwa imani.

Simaanishi kwamba madodoso yatupwe. Mkoa una watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022, na haiwezekani kumhoji kila mtoto mwaka kwa mwaka kama Perry alivyowahoji vijana wake 31. Dodoso lililotungwa vizuri linaweza kuwaambia walimu wa Bariadi kama watoto wao wanaamini kwamba kujifunza ni kwa haraka au kwa subira, na Schommer ameonyesha kwamba hilo si dogo. Tatizo ni kuanza na karatasi ya watu wengine. Hong Kong ilipojaribu, picha ilibadilika. Waganda na Watoro, wanaopakana, walitofautiana. Sioni sababu ya kudhani kwamba watoto wa Busukuma, waliokulia kati ya ubao na ngitili, watapangika kama wanafunzi wa chuo cha Marekani.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa tasnifu katika vyuo vyetu, na ofisi ya elimu ya mkoa inayotoa vibali: mwanafunzi atakayeomba kupima imani za watoto wa Simiyu aanze kwa kuongea nao. Akae na watoto wa Lagangabilili, wa Mwanhuzi na wa Nyashimo, kwa Kisukuma inapobidi, bila mwalimu wao chumbani, awaulize nani anajua, alijuaje, na wao wenyewe hujuaje kwamba wamejua. Atunge sentensi zake kutokana na maneno yao. Wasiojua kusoma wasomewe. Na matokeo yakishapatikana, yarudishwe shuleni yasomwe na walimu na wazazi kabla ya kwenda maktaba ya chuo, kwa sababu wao ndio waliotoa watoto wao waulizwe.